NVDA na WAVE: nimezitumia kurekebisha websaiti ya tiketi za basi, haya ndo niliyoyaona

Wenzangu tunaotengeneza websaiti hapa Dar, hili limenikaa moyoni naomba niliseme. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kaka mmoja wa Mbagala, haoni kabisa, anatumia TalkBack ile ya Android inayomsomea kilichopo kwenye skrini, alikua anataka kukata tiketi ya kwenda Tanga. Namba yangu alipewa na kampuni yenyewe ya mabasi, maana websaiti yao niliitengeneza mimi. Akaniambia, "Ndugu yangu, tarehe nimechagua vizuri, nikifika kwenye viti simu inanyamaza, nikipapasa chini inasema batani, batani, batani, sasa mi nibonyeze ipi?" Mwisho wa siku alipanda daladala mpaka stendi ya Magufuli kukata dirishani, na Mbagala mpaka Mbezi foleni yake mnaijua wenyewe. Iliniuma sana kwa sababu kosa ni langu.

Nikaanza na WAVE, programu ya kukagua kama websaiti inatumika na wasioona na wenye ulemavu mwingine. Ni ya WebAIM, wako Chuo Kikuu cha Utah State kule Marekani, unaiweka kwenye Chrome au Firefox bure, ukiibonyeza inakuwekea alama za makosa juu ya ukurasa wako uleule. Wangu ulitoa makosa 31! Picha hazina alt (maelezo ya picha ambayo msomaji wa skrini anayasoma), visanduku vya jina na namba ya simu havina label, yaani jina la kudumu la kusema hapa ujaze nini (nilitegemea yale maandishi ya ndani ambayo ukianza kujaza yanapotea), na maandishi ya kijivu juu ya nyeupe ambayo hata mwenye macho mazima akiwa juani Kariakoo hayaoni. WCAG, ile miongozo ya kimataifa ya websaiti zinazotumika na watu wote, inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake iwe uwiano wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, ya kwangu yalikua 2.6. Na hili la rangi hafifu ni letu wote, WebAIM mwaka 2025 walipima kurasa za mbele milioni moja, asilimia 94.8 zikakutwa na makosa, na lenyewe ndo lilikua linaongoza.

Nikarekebisha jioni moja, WAVE ikasema sifuri, nikalala na furaha. Kumbe bado.

Kesho yake nikashusha NVDA, programu ya kusomea skrini ya Windows, nayo bure kabisa. Aliianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006, mwenyewe haoni, baadae akaungana na James Teh ambae nae haoni, na ukiitumia unahisi kweli imetengenezwa na watu wanaoihitaji. Nikavaa hedifoni, nikazima monita, mausi nikaweka pembeni, nikawa nagonga Tab tu. Viti 44, hakikusomwa hata kimoja! Inatoka kwenye tarehe inaruka moja kwa moja mpaka "batani". Nilikaa pale kwenye giza nikamuelewa yule kaka.

Shida ni kwamba kila kiti nilikichora kwa div (kiboksi kitupu cha HTML) yenye rangi na onclick (amri inayofanya kazi ukibonyeza), sasa div haina jina, kibodi haiifikii, na WAVE haikulalamika kwa sababu kwake hicho ni kiboksi tu, haiwezi kujua mi nilimaanisha kiti. Nikavibadili vyote vikawa checkbox (vile visanduku vya kuweka tiki) za HTML za kawaida zenye label, "Kiti A3, kipo wazi", na vilivyouzwa nikaandika "kimechukuliwa" badala ya kutegemea wekundu peke yake, kwahiyo hata asiyetofautisha nyekundu na kijani nae kapona humohumo. Ile batani yenye mchoro wa mshale nikaipa jina, "Endelea kulipa".

Kingine, template niliyonunua ilikuja na lang="en", yaani inatangaza kwamba ukurasa ni wa Kiingereza, basi NVDA ikawa inasoma "Chagua kiti" kwa matamshi ya Kiingereza, huambulii neno. Nikaweka lang="sw", sauti ya eSpeak NG iliyomo humohumo ndani ikaanza kusoma Kiswahili. Herufi mbili tu jamani.

Ubaya wa NVDA, hiyo sauti ya Kiswahili ni kavu na siku za mwanzo inachosha masikio, afu kuna funguo za kujifunza, H inakupeleka kwenye vichwa vya habari, B kwenye batani, F kwenye sehemu za kujaza, na Ctrl ya kuinyamazisha hiyo ishike mapema. Mi ilinichukua kama siku mbili kuzoea. Ni ya Windows tu, wenye Mac tumieni VoiceOver, ipo tayari ndani.

NVDA naipa 5 kati ya 5. WAVE 4, ni nzuri na inaokoa muda, anza nayo, ila usiikabidhi websaiti kwa bosi kwa sababu tu imesema sifuri.

Bosi wa mabasi aliniuliza hii itamgharimu sh ngapi, nikamwambia hii silipishi. Jumamosi nikampigia yule kaka ajaribu tena, akakata tiketi mwenyewe mpaka mwisho nikiwa hewani namsikiliza. Afu akaniuliza, "Sasa hiki A3 ni cha dirishani au cha njiani?" Sikua nimeandika. Jioni hiyohiyo nimeongeza kwenye viti vyote 44.