Shanta la lita 55 kwa sisi wenye mwili: mkanda unafunga, koti halifungi

Mkanda wa kiuno unafunga. Naanza na hilo kwa sababu najua wenzangu wenye mwili mmeruka rangi, mmeruka lita, mmekuja moja kwa moja kutafuta sentensi hiyo. Unafunga, na ukishafunga bado unabaki ukanda wa kuvuta, kama kiganja kizima kila upande.

Vipimo vyangu ni hivi, ujilinganishe: urefu mita 1.64, uzito kilo 112, nyonga sentimita 134, mgongo sentimita 43. Nina miaka hamsini na ushee na magoti yanayolalamika wakati wa kushuka tu. Nikipata likizo napanda milima na kulala kwenye hema, na mzigo wangu nabeba mwenyewe. Shanta ninalolizungumzia lina fremu ya ndani, likiwa tupu ni kilo 2.2, na kampuni inasema mkanda wake unafika sentimita 165. Nimeupima kwa tepu ya fundi cherehani nikapata 163. Tusigombane kwa sentimita mbili. Jina la kampuni nimelihifadhi, maana nina malalamiko yangu nao ambayo bado tunaandikiana, na haya nitakayosema unaweza kuyatumia kukagua shanta la kampuni yoyote.

Asiyezoea mizigo ya safari ndefu hudhani shanta linabebwa na mabega. Shanta lililotengenezwa vizuri hushusha sehemu kubwa ya uzito, hata asilimia 80, kwenye mifupa ya nyonga. Kazi ya mabega ni kulizuia lisianguke nyuma. Mzigo wangu wa kawaida ni kilo 14. Mkanda ukikaa sawasawa, kama kilo 11 zinabebwa na nyonga na mapaja, ambako ndiko kwenye misuli mikubwa. Mkanda ukikataa kufunga, kilo zote 14 zinaning'inia mabegani, shingo inakakamaa, vidole vinaingia ganzi, na walioko mbele wanaanza kunong'ona kwamba mnene amechoka. Mnene hajachoka. Mnene amebebeshwa mzigo kwa namna ambayo hata wao ingewashinda kabla ya saa sita mchana.

Kampuni zilipoanza kuulizwa kuhusu jambo hili, jibu la haraka lilikuwa kipande cha ukanda cha kuongezea. Unakichomeka kwenye bizimu, mkanda unarefuka, safari inaendelea. Nimetembea na kitu hicho na sikipendekezi kwa adui. Ukanda unaongezeka, sponji haiongezeki. Zile mbawa mbili za sponji, pedi za mkanda zinazokumbatia nyonga, zilikatwa kwa kiuno cha mtu mwembamba, kwa hiyo kwangu zinaishia ubavuni, na pale mbele mfupa unapojitokeza panapita ukanda mtupu wa nailoni wenye upana wa vidole viwili. Kilo 11 juu ya vidole viwili! Jioni ukivua nguo ndani ya hema unajiona umechorwa mistari kama gunia lililofungwa kamba likiwa limejaa kupita kiasi.

Kwenye shanta hili mbawa zimekatwa upya. Kwangu sponji inavuka mfupa na kuja mbele, inabaki nafasi ya kama sentimita 20 ya kukazia. Ngozi haikuchubuka, hata siku ya jasho jingi.

Mwili mkubwa haukai kiunoni peke yake, na hapo ndipo nilipoona kwamba kuna mtu alikaa akafikiri. Mikanda ya mabegani ni mirefu, inaanza mbali kidogo na shingo, na imepindishwa ipite kando ya matiti badala ya kuyakanyaga. Mkanda wa kifua unapanda na kushuka, kwa hiyo unaupeleka juu ya matiti na kupumua kama binadamu. Mifuko midogo ya kiunoni, ile ya simu na vitafunio, imesogezwa mbele. Kwenye mashanta ya kawaida huwa inaniishia mgongoni, ikawa ni mifuko ya jirani yangu. Mfuko wa chupa umekatwa mshazari, mdomo ukielekea mbele, na mkono wangu mfupi unaifikia chupa bila kuvua chochote. Ukiwa mtu ambaye kila akitaka maji lazima msafara usimame, unajifunza kutokunywa. Usipokunywa unachoka kweli, na sasa wale wanong'onaji wana ushahidi.

Nimelitembeza msimu mzima, kwenye mvua na kwenye mteremko mrefu wa mawe yaliyolegea. Kasoro zipo. Mkanda wa kifua unalegea polepole wakati wa kushuka, ikabidi niufunge fundo. Kitambaa cha chini kinapitisha maji ukiliweka shanta kwenye nyasi zenye umande. Mfuko wa juu nao unagusa kisogo, jambo ambalo mwenye nywele fupi hataligundua kamwe. Mimi nina rasta ninazozifunga nyuma, na mwenzangu wa hema, aliyelijaribu pia, anavaa hijabu yenye fundo kisogoni. Sote wawili hatukuweza kuinua uso hadi tulipoushusha mfuko ule, na ukiushusha unapoteza nafasi ya lita kadhaa. Unapopanda mawe, kutazama juu ndiyo kazi yenyewe. Aliyewakumbuka wanene aliwasahau wenye nywele.

Kuna na kijitabu cha maelekezo. Kinarudia kanuni ya zamani kwamba mzigo usizidi asilimia 20 ya uzito wa mwili. Kwangu hiyo ni kilo 22. Nani kawaambia? Kanuni ile inahesabu kila kilo ya mwili kuwa nguvu, wakati magoti yangu yana mzigo wao tayari kabla sijagusa shanta. Ukiwa na mwili kama wangu, anza na kilo anazobeba mtu mwembamba wa urefu wako, kisha ongeza kadiri unavyozoea. Ila usikimbilie shanta dogo. Nguo zetu ni pana, mfuko wetu wa kulalia ni mpana, vyote vinakula nafasi, na zile orodha za vifaa vyepesi zinazodai kila kitu kinaenea kwenye lita 40 zimeandikwa na watu ambao suruali yao ukiikunja inaenea mfukoni mwangu.

Sasa tangazo. Ukurasa wa shanta hili umepambwa kwa picha ya mwanamke mnene, mweusi, mwenye tabasamu, ameketi juu ya jiwe milimani. Picha nzuri sana. Shanta liko pembeni yake, limeegemezwa kwenye jiwe. Nikatafuta picha ya pili: ameshika kikombe. Ya tatu: shanta peke yake. Hakuna hata picha moja ambayo mwanamke yule amelivaa na kulifunga, ilhali hiyo ndiyo habari ambayo mnunuzi anaitafuta. Wembamba kwenye kurasa nyingine wamevaa, wamefunga, wanaruka vijito.

Sidharau picha, jamani. Mei 2022 kundi la Full Circle, wapandaji wote Weusi, lilifika kilele cha Everest, na mmoja wao alikuwa Mkenya James Kagambi, mwenye miaka 62. Habari zake nilizisambaza kwa kila aliyewahi kuniambia umri umenitupa mkono. Lakini Kagambi alikuwa ndani ya vifaa vyake, akivitumia. Mwanamke wa tangazo langu amewekwa karibu na kifaa.

Halafu koti. Kampuni hiyohiyo inauza koti la mvua, na ukurasa wa shanta unakushauri uvinunue pamoja. Koti linaishia saizi ya XL, na XL yao inanibana kifuani kabla zipu haijafika nusu. Kwa hiyo wamenipa njia ya kubeba kilo 14 hadi mlimani, mvua ikinyesha nijijue. Niliandika kuuliza. Jibu lilikuja na adabu zote, likinishauri nijaribu upande wa wanaume. Huko kifua kinatosha, mikono inafika magotini. Barua yangu ya pili bado haijajibiwa.

Ukitaka kujua vifaa hivi vilishonwa kwa ajili ya nani, hayo si mambo ya kubahatisha, yameandikwa. Kiwango cha Ulaya cha kupima joto la mifuko ya kulalia, EN 13537, ambacho baadaye kiligeuka cha kimataifa, kilikokotolewa kwa watu wawili wa mfano. Mwanamke ana miaka 25, urefu wa mita 1.60, kilo 60. Mwanamume ana miaka 25, mita 1.73, kilo 73. Sijawahi kukutana na binti yule lakini tunafahamiana: karibu kila nilichoazima nilipoanza matembezi kilikuwa chake. Mfuko wake wa kulalia nikiuingia, manyoya ya ndani yanagandamizwa na mwili wangu, na manyoya yaliyogandamizwa hayashiki joto. Namba iliyoandikwa kwenye lebo inabaki kuwa yake.

Hapa nitenganishe mambo mawili, maana nimeona watu wakiyachanganya kwa hasira. Vifaa vya kunasa anguko kwenye zile njia za miamba zenye nyaya za chuma hupimwa kwa uzito wa kilo 40 hadi 120, mtu pamoja na vitu alivyobeba. Mimi na shanta hili ni kilo 126. Sina ugomvi na hilo, fizikia haina upendeleo na ni afadhali niambiwe wazi. Ninachogomba ni koti. Kuongeza kitambaa kwenye koti hakuhitaji hesabu za mwanaanga.

Waliolisukuma gurudumu hili hadi shanta la aina hii likawepo wanastahili kutajwa. Rue Mapp alianzisha Outdoor Afro mwaka 2009 kuwapeleka Wamarekani Weusi porini na milimani. Teresa Baker mwaka 2018 alianza kuwataka wakuu wa kampuni za vifaa watie saini ahadi ya kufungua milango kwa watu wa kila rangi. Na mwaka 2021 kampuni ya Gregory ya Marekani ilitoa mabegi ya miili mikubwa ikishirikiana na Jenny Bruso, mwanzilishi wa Unlikely Hikers, jumuiya ya watembeaji ambao matangazo ya milimani yalikuwa hayawaoni. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa mwenye mwili aliitwa tangu mwanzo, si siku ya kupigwa picha. Ahadi zinasainiwa na wakubwa, nami nazipenda, lakini nikishika kifaa mkononi nauliza swali la fundi: siku mbawa hizi zinakatwa, nani alisimama pale apimwe? Kwa mkanda wa shanta hili, naamini alisimama mtu mnene. Kwa mfuko wa juu, hakusimama mwenye rasta. Kwa koti, walipima hewa.

Kama unataka kulinunua, au la kufanana nalo, pima mgongo kwanza, kwa sababu urefu wako hauambii chochote. Inamisha kichwa, papasa mfupa unaochomoza chini ya shingo. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekea uti wa mgongo, ukibonyeza mpaka uguse ukingo wa juu wa mifupa ya nyonga. Upo, hata kama umejificha. Bonyeza bila huruma. Mtu akupimie kutoka mfupa wa shingo hadi mstari unaounganisha vidole gumba. Shanta hili linarekebishika kutoka sentimita 41 hadi 51. Ukiwa chini ya hapo litakugonga makalio. Mkanda uuweke ukingo wake wa juu uvuke mifupa hiyo kidogo, usiuache ukateremka chini ya tumbo kama wengi wetu tulivyozoea kufunga mikanda, kisha ndipo ukaze mabega. Jaribu ukiwa umelijaza. Shanta tupu humpendeza kila mtu.

Nyota nne kati ya tano kwa shanta. Kwa kampuni natoa mbili hadi barua ijibiwe. Linapatikana kwa rangi moja, nyeusi, nadhani kuna aliyeona itatupunguza. Na wembamba mnaolitamani kwa ajili ya ile mifuko ya mbele: nyonga zikiwa chini ya sentimita 105, mbawa zinakutana kabla mkanda haujakaza na shanta linateleza hadi mapajani. Mwenzangu alilijaribu, ikawa hivyohivyo. Chukueni lile lenu la kawaida, lina rangi saba.