Ndege ya Mbeya–Dar: dakika 75 angani, saa tano mlango hadi mlango

Ukitafuta mtandaoni umbali wa Mbeya hadi Dar kwa ndege, utaletewa kilomita 690 hivi na dakika 50 za kuruka. Kilomita ni sahihi. Ndege inakata moja kwa moja, wakati barabara inayopita Makambako, Iringa na Morogoro inafika 820 na ushee. Dakika 50 zipuuze. Wamechukua umbali wakagawa kwa mwendo wa jeti ikiwa imeshatulia juu, bila kuhesabu muda wa kutambaa chini, kupanda, kushuka na kujipanga kutua. Airbus A220 hutumia saa moja na dakika kumi hadi ishirini. Ukipangiwa Q400, yaani pangaboi, ongeza robo saa au zaidi.

Muda mwingi unaliwa chini. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, uko zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, upande wa Tunduma. (Jina lisikuchanganye: uko mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016, makao yake Vwawa.) Kutoka Mwanjelwa unapita Iyunga, mteremko wa Iwambi na Mbalizi, barabara ileile ya malori ya Zambia na Kongo. Lori moja likikwama Iwambi, dakika 45 zinageuka saa moja na nusu, na dirisha la mizigo halikungoji. Daladala za Mbalizi ni rahisi kwa bei, lakini kwa safari ya ndege chukua teksi au bajaji mliyokubaliana tangu jana yake.

Kasoro kubwa ya njia hii ni hali ya hewa. Mawingu ya chini na ukungu, hasa wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili, humfanya rubani azunguke juu, na asipouona uwanja anarudi Dar. Na ndege utakayopanda Songwe kwa kawaida ndiyo hiyohiyo iliyotoka Dar. Isipotua, nawe huondoki, hata kama Mbeya mjini jua linawaka. Kwa hiyo mwenye ndege ya kuunganisha kwenda nje aondoke siku moja kabla. Kuacha saa mbili katikati ni kucheza kamari.

Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu: 07:00 ni saa moja asubuhi, 19:00 ni saa moja usiku. Wapo wanaofika saa moja asubuhi kwa ndege ya jioni. Hao wana nafuu kuliko waliofanya kinyume chake.

Jumla yake: saa moja kufika Songwe, saa moja na nusu uwanjani, dakika 75 angani, nusu saa kungoja mzigo, kisha foleni ya Barabara ya Nyerere hadi Kariakoo. Saa tano. Basi, lenye ukomo wa kilomita 80 kwa saa, na Mikumi chini ya hapo, huchukua 12 hadi 14.

Kwa mwenye begi moja, ndege inashinda bila ubishi. Mwenye mchele wa Kyela debe mbili na gunia la viazi apande basi. Kwenye mizani ya Songwe kilo za ziada zinalipiwa, na bei ya kiazi haihimili.