Kiwi au pasheni uani kwako?

Jamani mnaotaka kupanda kiwi hapa Tanga mjini, mi nasema bora pasheni, tena ile ya njano inayovumilia joto la pwani, maana kiwi inataka baridi ya kutosha ndo itoe maua, labda ukajaribu kule Lushoto milimani. Halafu kiwi ina mche dume na mche jike, ukipanda jike peke yake utaangalia majani tu, na matunda yenyewe kuyasubiri miaka 3 hadi 5! Pasheni ndani ya mwaka ushaanza kukamua juisi, ila panda miche miwili mitatu ichavushane. Zote zinatambaa, kichanja lazima. Kuvuna sasa, kiwi unaichuma ingali ngumu inakuja kuivia ndani, pasheni ikiiva inadondoka yenyewe, we unaokota asubuhi mapema kabla kuku wa jirani hawajakuwahi.