Tahadhari: Mayai ya “Kilifishi wa Unguja” Yanayouzwa Mtandaoni Si Mayai ya Samaki

Ndugu wafugaji wa samaki wa mapambo, kuna mtu anayetangaza kwamba anauza mayai ya kilifishi wa Unguja, samaki mdogo wa mapambo aitwaye kitaalamu Nothobranchius guentheri, kwa shilingi 30,000 kwa pakiti, nusu ikitangulia na nusu ikilipwa baada ya mnunuzi kuona watoto wakiogelea. Sharti hilo ndilo linalowafanya watu wamwamini, kwani si kawaida ya tapeli kukubali kusubiri. Ukweli ni kwamba anachouza ni mayai makavu ya Artemia, wale kamba wadogo wa maji ya chumvi tunaowatotolesha ili kuwalisha samaki wachanga.

Nimeikagua pakiti moja niliyoletewa na mnunuzi aliyetaka kujua kwa nini watoto wote wa samaki aliodhani amewatotolesha walikufa. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia ulioganda kwenye mistari ya vidole, na chini ya kioo cha kukuza kila chembe ilionekana imebonyea upande mmoja, kama lilivyo yai la Artemia likikauka. Chembe hizo hazifikii hata theluthi ya milimita. Yai la Nothobranchius lina upana wa takriban milimita 1, sawa na punje ndogo ya ulezi. Ni la mviringo, linapitisha mwanga, na ganda lake ni gumu kiasi kwamba unaweza kulibingirisha taratibu kati ya vidole viwili lisipasuke. Likikaribia kuanguliwa, macho mawili ya mtoto huonekana wazi ndani yake, yamezungukwa na duara la rangi ya dhahabu.

Maelekezo ya muuzaji huyu yanamuumbua pia. Mnunuzi huambiwa atie chumvi kwenye maji, aweke pampu ya hewa na taa, kisha asubiri hadi kesho yake. Hivyo ndivyo Artemia wanavyototoleshwa, na kweli hutoka: vidudu vya rangi ya chungwa vinavyorukaruka na kukimbilia penye mwanga. Mtu ambaye hajawahi kumwona mtoto wa kilifishi hufurahi, hutuma nusu iliyobaki, na vidudu vikishakufa huambiwa kwamba alivilisha vibaya. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wapo vijana walioacha kabisa ufugaji huu wakiamini kwamba kosa lilikuwa lao.

Samaki huyu ni wa madimbwi ya msimu ya Unguja. Dimbwi likikauka wazazi hufa, na mayai hubaki kwenye tope yakisubiri mvua. Kwa hiyo nyumbani tunayahifadhi kwenye mboji au makumbi ya nazi yaliyosagwa, yenye unyevunyevu, kwa muda wa miezi 3 hivi, ndipo tunayatia maji baridi yasiyo na chumvi. Muuzaji mwaminifu huyatuma yakiwa ndani ya mboji hiyo, na juu ya mfuko huandika jina la spishi, mahali walikotoka wazazi na tarehe mayai yalipotolewa majini, maana bila tarehe huwezi kujua lini uyatie maji. Unga mkavu usio na tarehe haununuliwi.

Hata picha ya tangazo inatosha kumtia mtu shaka, kwani inaonyesha samaki wawili wenye mikia myekundu yenye ukingo mweusi, wakidaiwa kuwa dume na jike. Rangi hizo ni za dume peke yake. Jike ni la kijivu, halina pambo lolote. Tangazo linaahidi pia kwamba samaki hao wataishi miaka 5, ilhali hata kwenye tangi linalotunzwa vizuri mara nyingi huishi mwaka mmoja hivi.

Kabla ya kutuma hata shilingi, mwombe muuzaji yeyote picha ya mayai yakiwa kando ya rula, pamoja na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Aliyekwisha kulipa atunze jumbe zote na risiti za miamala, atume namba ya tapeli kwenda 15040 kama yuko Tanzania, na atoe taarifa polisi. Unga wenyewe usitupwe: abakishe kiasi kama ushahidi, na uliosalia auweke kwenye chupa kavu iliyofungwa vizuri, kwani atauhitaji siku atakapopata mayai halisi na watoto wa kuwalisha.