TAHADHARI: Jamaa anayeuza "pakeji za bonasi" za magemu kwenye magrupu ya WhatsApp

Wakuu, kama unacheza Elden Ring, The Witcher 3, Baldur's Gate 3 au Diablo IV, soma hii kabla hujatuma hela kwa mtu. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram akiuza anachokiita "pakeji ya bonasi": deraya adimu, mapanga, farasi, kofia, mavazi ya wahusika. Bei inaanzia elfu 15 na kupanda hadi elfu 45, kutegemea gemu na jinsi anavyokuona una kiu. Namba yake siiweki, maana kila akistukiwa anabadilisha laini, na aliyonayo leo kesho inaweza kuwa mikononi mwa mtu asiye na hatia. Nitaeleza anavyocheza mchezo wake. Ukikutana naye utamjua tu.

Mimi nina kibanda cha PlayStation (PS), kwa hiyo vijana wakishapigwa huwa wanakuja kwangu na mashine kwapani: "Bro, hebu niangalizie, nimelipia deraya haitokei." Wananionyesha na meseji walizoandikiana naye. Nimeshaziona za kutosha kujua kwamba jamaa ana mbinu kadhaa, na anachagua kulingana na mteja.

Inayoniudhi kuliko zote ni ya kuuza kitu cha bure. The Witcher 3 ilipotoka mwaka 2015, watengenezaji wake, CD Projekt Red wa Poland, walitoa nyongeza 16 bila malipo kwa kila mwenye gemu. Humo kuna deraya ya Temeria, deraya ya Nilfgaard, mitindo ya ndevu na nywele za Geralt, mhusika mkuu, mwonekano mwingine wa Yennefer, mpenzi wake, hata New Game +, yaani kuanza gemu upya ukiwa na vitu vyako. Za kulipia ni mbili tu, Hearts of Stone na Blood and Wine, ambazo zenyewe ni hadithi nzima za masaa na masaa. Jamaa anazichukua zile 16, anazitengenezea bango la rangi ya dhahabu, anaandika "VIP", anauza elfu 25. Ukishalipa anakutumia maelekezo: ingia dukani kwenye mashine yako, tafuta jina hili, bonyeza pakua. Umelipa elfu 25 uonyeshwe kitufe. Na kwa sababu deraya inatokea kweli, mteja anarudi kwenye grupu kumshukuru na skrinishoti juu, na hiyo skrinishoti ndiyo inayomvuta anayefuata.

Elden Ring hivyo hivyo. Waliolipia kabla gemu halijatoka Februari 2022 walipewa ishara ya mwili kwa ajili ya mhusika wao, na wachapishaji wenyewe walisema tangu mwanzo kwamba ishara hiyo inapatikana pia ndani ya gemu ukiendelea kucheza. Jamaa anaiuza kama kitu kisichopatikana tena duniani.

Mbinu ya pili ni namba za kufungulia. Hapa ndipo hela nyingi zinapotea, na hapa kuna kitu unaweza kukikagua kwa macho kabla hujalipa. Namba ya Steam, lile duka la magemu ya kompyuta, kwa kawaida ina makundi matatu ya herufi na tarakimu tano tano. Ya PlayStation ina herufi 12, nne nne. Ya Xbox ina 25. Kuna dogo anacheza Baldur's Gate 3 kwenye kompyuta, alitaka vile vitu vya toleo la Deluxe, barakoa ya kubadili sura na lile joho la Red Prince. Alitumiwa namba yenye makundi matatu ya herufi nne nne. Hiyo hata ingekuwa hai, Steam isingeipokea, kwa sababu si ya Steam. Alipolalamika akaambiwa "subiri masaa 48 mfumo usome", kisha akaombwa elfu 8 nyingine ya "kuaktivisha". Hakuna ada ya kuaktivisha, wakuu. Ukiingiza namba sahihi vitu vinaingia hapo hapo, au unaambiwa hapo hapo kwamba imeshatumika. Na huo mzigo wa Deluxe dukani Steam ni kama dola 10, wala si siri.

Hata namba ikikubali usishangilie sana. Namba nyingine zimenunuliwa kwa kadi za benki za wizi. Mwenye kadi akidai hela yake, namba inafutwa na kitu kinatoweka kwenye akaunti yako baada ya wiki au miezi. Steam wanarudisha hela ndani ya siku 14 kwa masharti yao, lakini ni kwa kilichonunuliwa dukani kwao. Cha mtaani hawakijui.

Wenye PS4 na PS5 mna mtego wenu, na jamaa anautegemea sana. PlayStation hawana duka rasmi kwa Tanzania wala Kenya, kwa hiyo kila mtu ana akaunti ya nchi nyingine: Marekani, Uingereza, Falme za Kiarabu, Afrika Kusini. Diski nazo zinaingia kutoka huku na huku. Sasa nyongeza inatakiwa iendane na eneo la diski. Nyongeza ya duka la Marekani haifanyi kazi kwenye diski ya Ulaya, hata kama jina la gemu ni lile lile na picha ni ile ile. Angalia kasha: lenye alama ya umri ya PEGI ni la Ulaya, lenye ESRB ni la Marekani. Ubavuni kuna namba inayoanza na CUSA kwa PS4 au PPSA kwa PS5, na namba hizo hutofautiana kati ya maeneo. Jamaa hakuulizi hata moja kati ya hayo. Anatuma namba, inakataa, kisha anakujibu kwa upole kabisa: "Kaka, ungesema mapema kwamba diski yako ni ya Ulaya." Kosa linageuka kuwa lako.

Wanaonunua diski za mkononi nao wawe macho. Anauza makasha ya zamani akisema "karatasi ya bonasi ipo ndani". Karatasi inaweza kuwepo kweli, lakini ni vocha iliyoshakwanguliwa. Huu mtindo ni wa zamani. Dragon Age: Origins ya mwaka 2009 ilikuja na namba ya kumpata Shale, yule mwenzako wa mawe, na namba ilitumika mara moja tu. Aliyenunua diski ya mkononi alitakiwa amlipie Shale dola 15 dukani.

Mbaya kuliko zote ni ile ya kuomba akaunti. Diablo IV ilikuwa na zawadi ya mtoto wa mbwa mwitu anayelala mgongoni mwa mhusika wako. Walioipata ni waliofikisha kiwango cha 20 kwenye majaribio ya Machi au Mei 2023, basi. Imefungwa kwenye akaunti zao. Jamaa anasema anaweza kukuwekea: "Nipe imeili na paswedi, nikuwekee dakika tano, halafu nitajie namba zitakazoingia kwenye simu yako." Zile namba ndizo mlango wa mwisho. Ukimtajia anabadilisha imeili, anakutoa nje, na akaunti yako yenye magemu ya miaka inauzwa kwenye grupu lingine kama "akaunti yenye magemu 60, bei poa". Kuna mmoja alikuta akaunti yake inatangazwa, jina lake la mchezo bado liko pale pale.

Kama ameshakupiga: Tanzania piga 100 huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja, maana hela ikishatolewa kwa wakala hairudi, kisha tuma ujumbe kwenda 15040 kuiripoti namba yake. Kenya, meseji ya M-Pesa isogeze kwenda 456 kuomba muamala urudishwe, na namba ya tapeli iripoti 333. Kama ulimpa paswedi, ibadilishe kwenye gemu na kwenye imeili, toa vifaa vyote vilivyoingia, halafu waandikie wenye duka ukiwa na risiti ya ununuzi wako wa zamani, kwa sababu risiti ndiyo inayowaonyesha kwamba akaunti ni yako.

Wiki hii amebadilisha picha, kaweka ya dada mmoja mwenye hedifoni, na sasa anatangaza deraya za farasi za gemu la Oblivion Remastered. Hizo ziko ndani ya toleo la Deluxe dukani. Mwenye skrinishoti zake za zamani aziweke hapa chini, afute majina na namba za wateja kwanza.