Jiko la chuma la kuni, la mtumba, kwa baridi ya Njombe: uzoefu wangu

Nianze na hela, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Jiko lenyewe ni la chuma cha kalibu, kile kinachovunjika badala ya kupinda, na lina uzito wa kilo 110 hivi. Lilitolewa kwenye nyumba ya zamani ya shamba la chai huko Mufindi, nikalinunua kwa muuza vyuma chakavu Mafinga kwa shilingi 400,000. Bomba la moshi, kofia yake, vifaa vya kuziba na mkono wa fundi vilizidi hapo. Kwa hiyo ukisikia jiko ni laki nne, tenga laki tisa hadi milioni. Bomba la mtumba usiliguse hata ukipewa bure, kwa sababu huwa limelika kwa ndani usikoweza kuona.

Kwenda kulikagua, beba tochi, nyundo ndogo na vipande vya karatasi. Washa tochi, iweke ndani ya jiko, funga mlango, kisha funika jiko kwa blanketi zito na wewe uingize kichwa humo. Mwanga ukichungulia kwenye maungio, saruji ya viungo imekwisha. Hilo ni dogo, saruji ya moto inaziba. Mwanga ukipita katikati ya bamba, huo ni ufa. Hakikisha kwa nyundo: bamba zima ukiligonga hulia mlio mrefu, lenye ufa mlio wake hukatika palepale. Mwisho bana karatasi kwenye mlango uliofungwa na uivute, kila upande. Isipong'ang'ania, kamba inayoziba ukingo wa mlango imechoka.

Kuhusu ufa, fundi wa mageti atakuambia anachomelea dakika kumi. Usikubali. Fimbo za kawaida za kuchomelea zikitumika kwenye chuma cha kalibu, mshono unashika, halafu chuma kinapasuka pembeni yake kikipoa, maana kina kaboni nyingi na hakivutiki. Kazi hiyo inataka fimbo za nikeli, bamba lipashwe lote kabla, kisha lipozwe polepole. Kwa bei hiyo tafuta jiko jingine.

Vya ndani havinisumbui sana. Wavu wa majivu ukiwa umepinda, nondo za milimita 16 zinatosha kuunda mwingine. Bamba linalougeuza moshi kule juu hukatwa kwenye chuma cha milimita 6. Tofali za moto zenye nyufa zinafaa mradi zimekaa mahali pake. Iliyokosekana irudishwe, la sivyo ukuta wa chuma nyuma yake utaungua. Kamba ya mlango nunua ya fiberglasi, milimita 10, pamoja na gundi ya joto. Hapa tahadhari: kamba za majiko ya zamani huweza kuwa na asbesto. Usiikwangue ikiwa kavu. Ilowanishe kwa maji ya sabuni, vaa barakoa, itoe ikiwa mbichi na uifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Usafiri ni kirikuu (gari dogo la mizigo) na wanaume wanne. Toa mlango, wavu na tofali kwanza.

Ukubwa sasa. Sebule ya mita 5 kwa 4, yenye kimo cha mita 2.7, ina mita za ujazo 54. Kwa nyumba inayotunza joto, kilowati 1 kwa kila mita za ujazo 14 inatosha, yaani kama kilowati 4. Nyumba zetu za tofali za kuchoma na bati hazitunzi joto, hivyo nenda 5 au 6. Usipitilize. Jiko kubwa mno utalibana hewa ili lisikuchome, na moto uliobanwa ndio unaotengeneza masizi ya kunata.

Dohani ndiyo kazi yenyewe. Kipenyo kisipungue tundu la jiko. Langu ni inchi 6, na fundi alitaka kuweka inchi 4 kwa kuwa ndilo bomba alilokuwa nalo; eneo la inchi 4 ni chini ya nusu ya inchi 6, moshi wote ungerudi sebuleni. Kutoka kwenye jiko hadi darini tumia bati jeusi la milimita 1.2 au zaidi. Bati la zinki usiliweke karibu na moto: likipata joto kali zinki inababuka na kutoa mvuke mbaya kwa mapafu. Vipande viungane mdomo mwembamba ukielekea chini, kwenye jiko. Mafundi wengi hugeuza, wakiwaza moshi unaopanda. Kinachohusika ni lami ya masizi inayoshuka: mdomo ukigeuzwa, itachuruzika nje ya bomba. Kila kiungo skrubu tatu.

Urefu usiwe chini ya mita 4.5, na kwetu ongeza. Njombe iko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, na mvuto wa dohani unapungua vilevile. Langu ni mita 5.5. Juu ya paa bomba lizidi sentimita 90 kutoka linapotokea, na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Likiwa fupi, upepo unaovuka kilele cha paa unausukuma moshi chini. Lipitishe ndani ya nyumba kadiri inavyowezekana. Bomba lililopanda nje ya ukuta linakaa baridi na halivuti.

Penye dari na kenchi ndipo nyumba huungulia. Bomba tupu likae sentimita 45 mbali na mbao yoyote. Nafasi hiyo haipatikani kwenye kenchi, kwa hiyo hapo tulipitisha bomba ndani ya bomba, inchi 6 ndani ya 10, katikati pamba ya mawe ya kuzuia joto, na bado mbao zikakatwa na kuzungushiwa fremu. Jiko lenyewe liwe sentimita 90 kutoka kwenye fanicha na mapazia. Kutoka kwenye ukuta wa tofali tupu, sentimita 20 zinatosha. Mbele ya mlango, sakafu ya saruji au vigae sentimita 45.

Moto wa kwanza uwe mdogo, wa vijiti tu, madirisha wazi, kisha uongeze siku zinazofuata. Rangi ya joto itanuka, ni kawaida. Moshi ukirudi chumbani wakati wa kuwasha, dohani ni baridi: choma gazeti moja juu kabisa ya kuni kabla ya kuwasha vijiti. Ukiendelea kurudi, fungua dirisha kidogo. Moshi ukikoma hapo, ujue nyumba haina hewa ya kulisha moto: toboa tundu la inchi 4 ukutani karibu na jiko.

Kuni ziwe miwati au milingoti (mikaratusi), zilizopasuliwa na kukaa chini ya paa miezi 6 hadi 12. Pima kipande kimoja kwenye mizani kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, kimekauka. Hapa natumia kama kilo 2 kwa saa. Misindano (mipaini) inawaka haraka, nzuri kwa kuwashia. Mabaki ya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, yale ya kijani yaliyojaa mitaani, yasikaribie jiko: dawa hiyo huwa na aseniki, na inabaki kwenye moshi na majivu. Majivu safi nayapeleka kwenye kabichi. Kwenye viazi mviringo hapana, yanaleta ukoko kwenye ganda la kiazi.

Nunua kengele ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu, na ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani msimu wa Juni hadi Agosti.

Kasoro: chuma hiki kinachukua dakika 40 kabla chumba hakijapata joto, na wakati wa mvua kinataka majivu yaondolewe yote na mlango uachwe wazi kidogo, kwani majivu hunyonya unyevu na kutia kutu. Bomba nalisugua kwa brashi ya inchi 6 kabla ya Mei na tena katikati ya baridi. Masizi ya unga yanatoka yenyewe. Yakiwa magumu, meusi, yanayong'aa, brashi haiyawezi na yakishika moto dohani nzima inawaka. Kipande cha bomba chenye masizi hayo kitoe, weka kipya.