Katriji ya santuri, mpya au iliyokarabatiwa? Uliza mpira kwanza

Malalamiko ninayoletewa ni yaleyale: mtu kanunua katriji iliyokarabatiwa (kile kidude cha kwenye mkono wa gramafoni kinachobeba sindano), kaambiwa almasi, yaani ncha ya sindano, ni mpya, lakini nyimbo za mwisho za kila upande zinakwaruza. Almasi mara nyingi haina kosa. Tatizo ni mpira.

Kijiti kinachobeba almasi hushikiliwa na kipande kidogo cha mpira, na mpira huo huzeeka hata katriji ikikaa tu kabatini. Ukikakamaa, sindano inashindwa kufuata mfereji. Ukilegea, tumbo la katriji linakaribia kugusa santuri. Kabla hujalipa, omba sindano ishushwe kwenye santuri, kisha uiname macho yawe usawa wake, utazame kwa mbele na kwa ubavu. Kijiti kikiwa kimepinda upande mmoja, au tumbo limelala, pesa irudi mfukoni. Boksi zuri halinihusu.

Chaguo langu la kwanza ni Audio-Technica AT-VM95E mpya, na sifichi, kampuni hii naipenda. Sindano yake huchomolewa kwa vidole na mpira uko humohumo, kwa hiyo ukibadilisha sindano umebadilisha na mpira. Baadaye unachomeka sindano ya ML, yenye ncha iliyochongwa nyembamba zaidi, kwenye katriji ileile. Kampuni inaihesabia saa 1,000 za kupiga, wakati ya E, ile inayokuja nayo, ni 300. Uzito wa sindano juu ya santuri uwe gramu 2, upime kwa mizani, usikisie.

Ya pili ni Ortofon 2M Red, gramu 1.8. Nayo hupokea sindano ya 2M Blue, ndugu yake wa daraja la juu.

Iliyokarabatiwa naikubali kwa katriji za koili inayocheza (moving coil) kama Denon DL-103, iliyoanza miaka ya 1960, maana sindano yake haichomoki. Ila fundi aseme wazi: amebadilisha na mpira, au amegandisha almasi tu? Wengi hulikwepa swali hilo. Halafu kuna wanaouza katriji za Shure "mpya kabisa" kwa bei ya kufuru. Shure iliacha biashara ya katriji mwaka 2018, hivyo mpira umezeekea ndani ya boksi, na wewe unalipishwa uzee wenyewe!

Katriji za seramiki za bei poa, zinazolalia santuri kwa gramu 5 hivi, achana nazo.

Santuri zipigwe brashi ya nyuzi za kaboni kabla ya kila upande, zisimame wima, mbali na joto. Sindano isafishwe kutoka nyuma kuja mbele tu. Na spiriti isiguse zile za zamani za shelaki, za mizunguko 78: inaziyeyusha.